Choo cha Gavana

Walipofika kituo cha tatu, Bibi alikuwa ameshabanwa na haja ndogo. Walipofika cha tano hakuona tena mji, aliona milango tu.

Mwanawe, ambaye nyumbani walimwita Profesa kwa kuwa alisoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi ya dawa ya mbu, alitangulia na kitabu cha kuongozea wageni mkononi. Mji mkongwe ule ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na vituo kumi na vinne vya kutembelewa kwa miguu, na Profesa hakuwa mtu wa kuruka kituo.

"Mama, dirisha hili lina miaka mia mbili na kumi!"

"Hongera yake. Choo kiko wapi, mwanangu?"

"Kitabu hakijasema. Vumilia kidogo, labda kituo cha saba."

Mji ulitunzwa, hilo halina ubishi. Kila nyumba ilikuwa na kibao cha shaba: hapa alilala jenerali, hapa alikula askofu, hapa mshairi aliugua homa. Wakubwa wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa alijisaidia. Mabenchi yalifungwa minyororo yasikaliwe, maana yalikuwa ya kale. Mkahawani, mhudumu alimwambia Bibi kwamba choo kimeharibika, na alimwambia hayo akitokea humohumo, anajifuta mikono.

Kituo cha saba choo kilikuwapo. Kilikaa katikati ya chumba, cha marumaru, kimezungushiwa kamba nyekundu, na kando yake alisimama mlinzi kama analinda maiti ya mfalme.

"Choo cha gavana," Profesa akasoma, sauti ikimtetemeka kwa heshima. "Kililetwa kwa meli, kikabebwa na wanaume kumi na wawili!"

Bibi akainua kamba.

"Mama! Hapana, Mama yangu," mlinzi akamwahi. "Hiki ni cha gavana."

"Gavana mwenyewe yuko wapi?"

"Alishafariki, Mama. Zamani sana."

"Basi hatatukuta."

Wageni wengine waliangua kicheko. Profesa alitamani ardhi ipasuke. Mlinzi hakucheka. Alimtazama Bibi alivyokaza magoti, akamwinamia sikioni.

"Hata sisi wafanyakazi hatukujengewa. Tangu niajiriwe nakwenda nyumba ya nyuma, kwa mke wa fundi viatu. Twende, Mama. Taratibu."

"Na choo chako kikiibiwa?"

"Wanaume kumi na wawili watatoka wapi siku hizi?"

Alimshika mkono, akamvusha ua na kumshusha ngazi moja moja bila kumharakisha, ingawa kama angekutwa hayupo pale penye kamba angeandikiwa barua ya onyo. Nyumba ya fundi haikuwa na kibao. Mke wa fundi alikuwa barazani anapaka nta nyuzi za kushonea. Hakumuuliza Bibi ni nani wala katokea wapi. Alichota maji nusu ndoo, akampa kipande cha sabuni.

"Mlango hauna komeo, Mama, ila nitausimamia."

Akausimamia kweli, ameupa mgongo, akiimba kwa sauti ya juu ili mgeni asione haya.

Bibi alipotoka, ndipo alipouona mji. Kumbe kuta zake zilikuwa nzuri, za mawe ya rangi ya asali, na juu ya mapaa njiwa walikuwa wamejipanga.

Profesa alitokea anahema, kidole bado kiko katikati ya kurasa.

"Mama, bado vituo saba! Samahani, dada, nyumba hii ilijengwa mwaka gani?"

"Sijui, kaka. Ninachojua maji yake hukatika saa sita."

Profesa akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Haimo," akasema, kama anayeisuta nyumba.

"Nenda kavione hivyo saba, mwanangu," Bibi akamwambia, akijivutia kigoda karibu na mke wa fundi. "Mimi nimefika."