Mfungo wa Asifiwe

Maelekezo yote yalikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na Tusajigwe alikuwa ameusikiliza mara nyingi hata angeweza kuukariri mzima, pamoja na pale Mtumishi alipokohoa. Mfungo mkavu wa siku tatu, mama na mtoto. Wasile, wasinywe, dawa ziwekwe kando. Mlango ufungwe. Mume asiambiwe mpaka muujiza utimie, maana imani yake ni haba. Na mwishoni, kwa ile sauti nzito iliyomtuliza Tusajigwe kila alipoisikia, Mtumishi aliongeza: "Siku ya tatu ndiyo siku ya vita. Adui atakuja na sauti ya yule umpendaye. Usimsikilize."

Mtumishi mwenyewe Tusajigwe hakuwahi kumwona kwa macho. Alimjua kwenye simu tu, katika grupu la maombi lenye watu mia tisa, wote wakijiita kondoo na yeye wakimwita mchungaji wao. Tangu lini kondoo mia tisa wakachungwa kwa bando la intaneti, hilo hakuna aliyeliuliza.

Lakini tusimcheke Tusajigwe. Alikuwa amemzika Elinaza, mtoto wake wa kwanza, na Elinaza hakufa kwa uzembe. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na mama yake alifuata kila alichoambiwa kliniki: vidonge kila asubuhi, maji mengi, sweta wakati wa mvua, hospitali mara tu maumivu yanapoanza. Alifuata yote, na mtoto akamfia wodini akiwa na miaka tisa, saa nne asubuhi, dripu ikiendelea kudondoka kama vile hakuna kilichotokea. Tangu siku ile kila daktari aliyefungua mdomo mbele yake alikuwa anasema maneno yale yale, na Tusajigwe aliyaona matupu.

Sasa alibaki Asifiwe, miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mwenye ugonjwa ule ule. Mwaka huu amelazwa mara tatu, na Pasaka ndiyo kwanza imepita. Tusajigwe aliogopa. Aliogopa mpaka akawa haoni tena kitu kingine, na mtu aliyeogopa hivyo humshika yeyote anayesema kwa uhakika. Mtumishi alisema kwa uhakika kuliko wote.

Kwa hiyo Alhamisi alfajiri waliacha kunywa maji. Alimwekea binti yake ule ujumbe, wakausikiliza pamoja wamekaa kitandani, na Asifiwe, mtoto msikivu asiyesumbua, alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Siku ya kwanza ilipita kwa nyimbo. Siku ya pili miguu ikaanza kuuma, na Tusajigwe akamkanda kwa mafuta huku akiomba. Benson, mumewe, alipiga simu kutoka Tunduma, ambako lori lake la kontena lilikuwa limekwama siku nne kwenye foleni ya mpakani. Akauliza mtoto anaendeleaje. "Hajambo," alisema Tusajigwe. Baadaye alijishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka laini.

Jumamosi kulipopambazuka Asifiwe alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, macho yamekuwa ya manjano, midomo imepasuka. Nje mvua ya masika ilikuwa imeacha kunyesha muda si mrefu, na maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka kwenye bati kuingia kwenye pipa. Maji yalisikika nyumba nzima.

"Mama," alisema Asifiwe. "Nipe maji. Kidogo tu."

Tusajigwe alikuwa amepiga magoti pembeni yake. Mwili wake wote ulitaka kuinuka uende jikoni. Akajizuia. Leo ni siku ya tatu, alijiambia, na hii ndiyo ile sauti niliyoambiwa.

"Si wewe unayesema," alisema. "Mwanangu ni jasiri. Nakukemea wewe uliyejificha ndani yake. Nyamaza!"

Mtoto alimtazama. Hakulia, maana hakuwa na machozi ya kulia. Akauliza polepole, "Si mie?"

"Si wewe."

Asifiwe akafumba macho, hakuomba tena. Tusajigwe akashukuru Mungu kwamba adui amenyamaza.

Ikasikika hodi mlangoni. "Hodi wenyewe! Mama Asifiwe, Bwana asifiwe!"

Tusajigwe alishtuka. Jumuiya! Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini na sokoni, Walutheri wa mtaa wao pale Kinyerezi husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na zamu ya wiki hii ilikuwa ya kwake. Mwenyewe ndiye aliyeichagua tarehe, mwezi wa pili. Alikuwa amesahau kabisa.

Akaziba mdomo kwa mkono na kukaa kimya, akitumaini wataondoka. Lakini wanajumuiya hawaondoki kirahisi namna hiyo. Alimsikia Mzee Benedikto, kiongozi wao, akisema labda mama kaenda kufuata maandazi ya chai, basi tukae hapa barazani tuanze, atatukuta. Viti vikaburutwa. Wimbo ukaanza, ukakosewa, ukaanza upya juu zaidi. Watu wanane hivi walikuwa wamekaa chini ya dirisha lake, na kati yao na mtoto wake palikuwa na ukuta wa tofali moja na pazia.

Somo la wiki lilikuwa la mchungaji mwema. Mzee Benedikto alilisoma taratibu kama kawaida yake: jinsi kondoo wanavyoijua sauti ya mchungaji wao na kumfuata, jinsi wanavyomkimbia mgeni, jinsi mwizi asivyopita mlangoni. Tusajigwe alisikiliza akatikisa kichwa. Ndiyo, Bwana. Mie nimeisikia sauti na nimeifuata. Nishike mpaka jioni.

Desturi yao ni kwamba baada ya somo kila mtu anasema lililomgusa. Mwalimu Clara alisema siku hizi sauti ni nyingi, tuwe makini. Mwingine alisema tuombe masikio ya kusikia. Yalikuwa maneno mazuri, yale yale ya kila mwaka, na yalipita juu ya kichwa cha Tusajigwe bila kumgusa.

Kisha akasema Bibi Felicitas. Huyu bibi alifuga mbuzi kule bondeni na alikuwa mgomvi. Jumuiya ilimvumilia tu. Hufika amechelewa kwa sababu ya kukamua, na akifika hupata la kulalamikia.

"Mie somo hili linaniudhi," alisema. "Msinitazame hivyo. Kila mwaka kondoo ajue sauti, kondoo asikie, kondoo asikie. Kondoo, kondoo! Na mchungaji je, yeye hasikii? Mie nina mbuzi kumi na wanne. Mmoja akilia naacha ugali mezani, maana najua huyo analia kiu, huyu analia mimba, yule kaona mbwa. Siwezi kukosea. Mtu anayesikia mbuzi wake analia kiu akasema sijui ni nani huyo, yule si mchungaji. Ni mwizi kaingia zizini."

"Bibi, tusitoke nje ya somo," alisema Mzee Benedikto.

"Nimemaliza."

Mle ndani Tusajigwe alikuwa amegeuka kumwangalia mtoto. Alimsikia akiomba maji kabla hodi haijapigwa. Alimsikia vizuri. Ilikuwa sauti ile ile iliyomwita usiku tangu akiwa mchanga, yenye mkwaruzo mwishoni kila akiwa na homa, sauti ambayo angeitambua katikati ya soko la Buguruni. Na alijua. Hilo ndilo lililomvunja: alijua muda wote kwamba ni yeye. Hakudanganyika hata dakika moja. Aliijua sauti ya mwanawe, akachagua ya mwanamume wa kwenye simu.

Akakimbilia jikoni. Alimwaga nusu ya kikombe njiani. Akainua kichwa cha Asifiwe, kizito na cha moto, akamwekea kikombe mdomoni.

"Kunywa. Kunywa mwanangu, kunywa mama."

Asifiwe alifumbua macho. Aliyaona maji. Koo lake likacheza, likameza mate yasiyokuwepo. Kisha akakaza midomo na kugeuzia uso ukutani.

"Asi! Ni mie mama yako. Tumemaliza. Kunywa!"

"Siku ya tatu," alisema mtoto, na maneno yalimtoka moja moja. "Atakuja na sauti ya mama."

"Hapana! Hapana, mwanangu, nilikosea. Mie ni mama. Ona!" Akanywa yeye funda moja mbele yake, maji yakamtiririka kidevuni. "Ona, nakunywa! Niangalie!"

Asifiwe hakuangalia. Alikuwa ameambiwa asisikilize, na alikuwa mtoto msikivu. Tusajigwe alijaribu kumfungua mdomo kwa vidole, mtoto akauma meno kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na maji yakamwagikia shingoni yakalowesha godoro. Hapo Tusajigwe alipiga ukelele ambao waliokuwa barazani hawakuelewa kuwa ni wa nani. Akafungua mlango, akaanguka miguuni pa Bibi Felicitas.

"Nimemuua! Hanywi! Mwambieni anywe, mimi hanisikii!"

Hakuna aliyeuliza maswali, na hilo tuwasifu. Mwalimu Clara alikimbia kwa jirani mwenye gari. Mzee Benedikto, na umri wake ule, alimbeba mtoto kifuani. Bibi Felicitas alichana kipande cha khanga yake, akakilowanisha na kukipitisha kwenye midomo ya Asifiwe njia nzima mpaka hospitali, akimsemesha kwa ukali ule ule anaowasemeshea mbuzi. Asifiwe hakuitika. Kabla hawajafika barabara kubwa alikuwa hajui tena yuko wapi.

Hospitali walimkimbiza ndani, wakamwekea oksijeni na dripu, wakaagiza damu. Tusajigwe alibaki kwenye benchi la korido. Nesi Avelina, aliyemjua Asifiwe tangu akiwa kliniki ya watoto wachanga, alitoka akasimama mbele yake na faili.

"Mama Asifiwe, niambie ukweli ili tumsaidie. Mara ya mwisho amekunywa maji lini?"

"Jumatano usiku."

Kalamu ya nesi ilisimama. Akaandika, akafunga faili, akarudi ndani. Tusajigwe angependa atukanwe.

Akampigia Benson, akamweleza yote, kuanzia ujumbe wa sauti mpaka midomo iliyokaza. Upande wa pili honi za malori zililia, kisha zikanyamaza. Bila shaka alikuwa amefunga kioo.

"Jana ulisema hajambo," alisema Benson.

"Nilisema."

"Naacha gari kwa mwenzangu. Napanda basi." Akakata simu.

Simu ikalia mlio mdogo. Ujumbe mpya kwenye grupu, dakika sita. Tusajigwe hakuufungua. Hakupata hasira yoyote aliyotegemea kupata. Alichokihisi kilikuwa aibu tupu, kwa sababu hakuweza kumsingizia yule mwanamume kwa lile alilolijua yeye mwenyewe. Akajitoa kwenye grupu, na watu mia nane tisini na tisa wakabaki.

Usiku ule madaktari hawakumwambia lolote la kumpa moyo. Figo, walisema. Kifua, walisema. Tusubiri. Bibi Felicitas alikaa naye mpaka jioni, akaondoka kwenda kukamua, akarudi alfajiri na chupa ya uji ambao hakuna aliyeunywa. Tusajigwe alijaribu kuomba na akashindwa. Kila alipoanza "Bwana ndiwe mchungaji," alikwama pale pale, akihofia kujibiwa kwamba si yeye anayesema.

Jumapili saa tisa alasiri Asifiwe alifumbua macho.

Nesi Avelina aliwaita. Benson alikuwa ameshafika, nguo zimejaa vumbi la njiani, amesimama upande mmoja wa kitanda bila kumtazama mkewe. Mtoto alimwona baba yake, akatabasamu kidogo. Nesi akainama.

"Asi, tunataka kujua kama kichwa chako kiko sawa. Leo uko wapi?"

"Hospitali."

"Vizuri sana. Na huyu ni nani?"

"Baba."

"Na huyu?"

Tusajigwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameishika pamoja asije akagusa kitu. Asifiwe alimtazama. Alimkagua uso, akamkagua mikono. Kisha akamgeukia nesi, akamjibu kwa adabu, kama mtoto anayeogopa kukosea.

"Anafanana na mama."

Benson akaufunika uso wake kwa kiganja. Nesi alitaka kucheka aseme bado dawa zinamlevya, lakini aliona uso wa Tusajigwe akaacha. Tusajigwe alitaka kumwita mtoto kwa jina, akajizuia. Kwenye meza ya kitanda palikuwa na kikombe cha maji. Alikichukua, akampa Benson, na Benson akainua kichwa cha mtoto.

Asifiwe akanywa kikombe chote.