Nondo ya Kengele

Wewe uligeuza uso. Usibishe. Ulipita pale shuleni ukamwona msichana anatimua mbio na nondo mkononi, ukasema, "Mchapakazi huyo," ukaenda zako.

Msichana yule sasa ni mtu mzima, fundi cherehani. Jana alikuwa anakunja pindo la suruali ya mteja, binti yake akaingia meno yote nje.

"Mama! Wamenichagua mpiga kengele!"

Sindano ikamchoma kidole. Hata hakuguna. Mawazo yalishamrudisha sekondari, kwenye siku moja iliyofanana na siku zote.

Aliwahi kuliko wote, maana kengele haijipigi. Akagonga ya usafi, akagonga ya mstarini. Hisabati: mwalimu anafika penye ugumu, yeye anachomoka hadi kwenye rimu ya lori iliyoning'inia uani, ngo! ngo! ngo! Anarudi, ubao umefutwa. Jiografia, yale yale. Mapumziko wenzake wanatafuna, yeye kaikodolea macho saa. Na kwenye dawati lao shoga yake Kidoti ametulia kama maji mtungini.

Kidoti! Huyo ndiye aliyemkaa rohoni. Kidoti aliyesikia kila somo likianza na likiisha. Kidoti ambaye daftari lake halikuwa na matobo.

Kipindi cha biolojia walipanga foleni kwenye hadubini, moja tu kwa darasa zima. Zamu yake ikafika. Akainama, jicho halijagusa kioo.

"Mpiga kengele, muda!" mwalimu akaita.

"Mwalimu, nichungulie tu kidogo."

"Shule nzima inakungoja wewe, mama. Kimbia!"

Kidoti akasogea pale pale mwenzake alipotoka. "Usijali shoga, nitakusimulia."

Na kweli alimsimulia, mchana kutwa, mpaka vidudu vinavyoogelea. Hilo ndilo lililommaliza. Mwisho wa mwaka Kidoti alipewa nafasi ya kuendelea na masomo. Yeye alipigiwa makofi kwa nidhamu.

Leo Kidoti ni daktari, na makoti yake meupe anashonewa hapa hapa. Fundi akimpima mabega, kwa wivu anatamani mkasi uteleze.

"Shoga, ulikuwa hodari wa kengele wewe!" Kidoti husema kila akija. Fundi hucheka na pini mdomoni.

"Mama, hufurahi?" binti akauliza.

"Kesho mnaanza na somo gani?"

"Fizikia. Wamesema niwe natoka mapema kidogo."

Mama akaitupa suruali. Akaenda na tepu yake shingoni hadi ofisini kwa mkuu wa shule, moto unamtoka puani.

"Lakini mama, hiyo ni heshima," mkuu akasema.

"Basi mpe mwanao. Si anasoma hapa hapa?"

Mkuu akakohoa. "Wangu ana mitihani."

"Na wangu ana nini, mwalimu? Harusi?"

Mama akapita uani penye kengele, akaichomoa nondo, akaondoka nayo. Sasa hivi iko chini ya cherehani yake.

Lakini vyuma havijaisha duniani. Leo wamempa mtoto mwingine nondo mpya, na pengine ni wako, naye anachekelea. Acha kusoma. Vaa viatu, nenda shuleni kwake, mpokonye hiyo nondo umkabidhi mkuu mkononi, kisha simama mlangoni mwa darasa mpaka mwanao aketi. Nenda sasa, kabla kengele haijalia tena.