Wabebaji wa Bibi Koleta

Bibi Koleta alisimama. Kwa miguu yake mwenyewe, katikati ya chumba cha dharura, na mimi mjukuu wake bega likiniwaka moto kwa kumbeba tangu kijijini kwetu Vudee.

Alikuwa ameteleza kwenye banda la ng'ombe, akaanguka. Mvua ilikuwa imekata barabara, basi wanaume wa kitongoji wakamfunga kwenye machela, tukashuka naye mlima kwa kupokezana mpaka tukapata gari la kwenda hospitali ya Same. Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari akamwita Beatha, dada wa fiziotherapia, anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, kituo chake palepale dharura.

"Maumivu yapo, bibi, ila nyonga ni nzima," Beatha alisema. "Kitakachokumaliza ni kitanda. Haya, twende dirishani."

Akaenda. Polepole, uso kaukunja, lakini akaenda. Kidogo nipige vigelegele.

Pale dirishani akawaona wabebaji nje, wameegemea ukuta. Mzee Melkizedeki alikuwa amevua shati. Bega limechubuka, linavuja maji. Bibi akalitazama weee. Kisha akarudi kitandani, akajilaza.

"Waambie waje wanibebe."

"Bibi! Si umetembea sasa hivi?"

"Nipite kwa miguu mbele ya lile bega? Watasema nilikuwa nadeka. Jirani yetu Asnath walimbeba, akapata nafuu njiani, akashuka. Alipougua tena, nani alikwenda kumbeba?"

Hakwenda mtu. Tulikwenda kumzika.

Beatha akanivuta pembeni. "Kaka, akizoea kulala, miguu itamwacha. Mwinue kila siku. Umenielewa?"

"Mimi nimekuelewa. Waeleweshe na wale."

Akawatazama wale wanaume, akanitazama mimi. Akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Tulimpandisha mlima kwa machela. Wenzangu wanatania, "Koleta, mzito kama gunia la tangawizi mbichi!" Bibi anagumia kwa sauti. Mimi niko nyuma, natukana kimoyomoyo, na sijui namtukana nani.

Nyumbani, mwanzoni nilikuwa nafunga mlango, namwinua, anazunguka chumba. Akisikia hatua nje, anajitupa kitandani. Siku hizi hata nikifunga mlango, magoti yake hayakubali.

Juzi Mzee Melkizedeki alipita akitoka shambani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Bibi yako vipi, ameinuka?"

"Hainuki."

"Maskini," akasema, na uso ukamlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi aliumia kweli."