Maji Yalipogeuka Rangi

Tangu aolewe, mwalimu wa chekechea hakuwahi kubaki wawili tu na baba mkwe wake, na kama mguu wa mumewe usingeteguka wakati anashusha vyombo garini, siku ile pia ingepita hivyo hivyo.

Walikuwa wamekuja kupumzika kwenye msitu wa serikali, wenye meza za mbao chini ya miti, majiko ya kuchomea nyama na njia za matembezi zilizowekewa alama za rangi. Getini, askari wa misitu aliwaambia kwamba huko juu milimani mvua imenyesha tangu alfajiri. Njia ya maporomoko haijafungwa, alisema, ila wakiona maji ya mto yamegeuka rangi watoke upesi, wasingoje kuambiwa.

Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Reli. Hakukaa hata kunywa chai. Alitaka kuyaona maporomoko. Mwanawe, mguu ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alimtupia mkewe jicho la kuomba. Mwalimu akafunga kamba za viatu, akamfuata mkwewe.

Hakufuata kwa moyo mweupe. Mzee huyu ndiye aliyekataa kufika kwenye harusi yao. Alisikika akisema kwamba mwanawe angeweza kupata mke mwenye kazi ya maana, si ya kuimba na watoto na kuwafuta kamasi. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kutimiza wajibu: shikamoo, marahaba, basi. Sasa alitangulia kifua mbele, na mwalimu nyuma yake akaona vitu ambavyo hakuvitilia maanani. Mzee alipapasa shina baada ya shina. Kivuli kilipolala njiani, aliinua mguu juu kama anayeruka gogo. Mwalimu alidhani ni uzee tu.

Mtoni hapakuwa na daraja, ila mawe makubwa ya kuvukia. Maporomoko yalisikika ng'ambo, nyuma ya kona. Mwalimu alisema kwa adabu kwamba pengine wangengoja kidogo. Mzee akajibu kwamba yeye amevuka madaraja mabovu kuliko hayo, tena akiwa na mabehewa nyuma yake. Akaingia, akiyatafuta mawe kwa ncha ya kiatu. Alikuwa amefika jiwe la katikati wakati maji, yaliyokuwa maangavu hata changarawe zikionekana, yalipoanza kuwa mekundu kama udongo na kubeba majani na vijiti.

"Baba, rudi," mwalimu aliita. "Maji yamechafuka."

Mzee akageuka, akatanguliza mguu, akaurudisha. Mawe aliyopitia yalikuwa yameshafunikwa. Akabaki amesimama.

"Nenda kamwite mumeo," alisema.

Simu haikuwa na mtandao. Kwenda kumwita mtu wa mguu mmoja na kurudi naye ilikuwa safari, na maji yalikuwa tayari yanalamba viatu vya mzee. Mwalimu alijua kwamba akiondoka, atarudi akute mto mtupu. Akaokota tawi refu lililoanguka, akashika mzizi wa ukingoni kwa mkono mmoja, akaingia mpaka mapajani. Baridi ikampanda hadi kwenye meno. Akalisukuma tawi mpaka likafika mbele ya kifua cha mzee.

"Lishike, baba."

Mzee akanyoosha mkono, akakamata hewa. Akajaribu tena, akakosea vile vile.

Hapo ndipo yale mashina na vile vivuli vilipomjia mwalimu kichwani kwa pamoja.

"Baba, unaniona?"

"Naona ukungu," alisema. "Wewe ni kitu cheusi mahali penye mwanga."

Hakukuwa na nafasi ya kumhurumia. Ikamtoka sauti yake ya darasani, ile anayoitumia kwa mtoto aliyekwama juu ya bembea: ya chini, ya polepole, isiyokaribisha ubishi.

"Achana na maji, nisikilize mimi. Mkono wa kulia, uinue kidogo. Hapo. Kamata. Sasa kaa juu ya jiwe, kama unakaa kitini. Vizuri sana. Shusha mguu wa kushoto, kuna jiwe chini, litafute. Umelipata? Usihame mpaka nikwambie."

Mzee Reli, ambaye nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumwambia akae, akakaa. Akashusha mguu. Akangoja kuambiwa. Walikuja hivyo, jiwe kwa jiwe, hadi la mwisho lilipomponyoka akazama hadi kifuani na tawi likavunjika. Mwalimu akamdaka kola ya koti. Mto ulimvuta mzee upande mmoja, yeye akavuta upande wake, mzizi ukimchana kiganja, mpaka mwili wa mzee ukagonga ukingo na wote wawili wakatambaa kwenye matope. Alipotazama nyuma, jiwe la katikati halikuonekana tena.

Walihema muda mrefu. Kisha mzee, bila kuulizwa, akaeleza kwamba macho yamekuwa yakififia kidogo kidogo, na kwamba alitaka kuyaona maporomoko kabla macho hayajamzimikia kabisa. Alidhani akiyakaribia sana, atayaona.

"Usimwambie mumeo," alisema. "Atanifungia ndani."

"Nitamwambia, baba. Labda uniwahi wewe."

Mzee alipoinuka alinyoosha mkono kuutafuta msaada, na mwalimu akauchukua akauweka begani kwake. Wakarudi hivyo, yeye akimtajia kila mzizi na kila shimo.

Mwanawe alipowaona wameloa matope alitaka kusimama, mguu ukamkatalia. Mzee akamwambia atulie, akasema yote mwenyewe, bila kujitetea.

Daktari alikuta mtoto wa jicho. Jicho moja lilipasuliwa likafunguka, la pili lilikuwa limecheleweshwa mno, halikuona tena. Mzee hakugeuka malaika. Anapowatembelea bado hulalamika kwamba chai ya mkwewe haina sukari, naye humjibu kwamba kopo liko mezani, ajitilie, jicho analo.