Chipu Iliyolala Kifudifudi

Baba alitaka kitu kimoja tu: aione kompyuta yake ikiandika neno kabla presha ya macho haijamaliza kazi yake. Aliiunda mwenyewe, waya kwa waya, tangu alipoacha kutengeneza redio, kisha chipu ya kumbukumbu ikaungua. Chipu za zamani, zile za miguu minene, zimeadimika. Za siku hizi ni ndogo kama ukucha, miguu yake kama kope, na haziingii kwenye soketi ya zamani hata uzibembeleze.

Basi nikachora kibao cha kati: juu chipu ndogo, chini safu mbili za miguu minene ya kuingia kwenye soketi. Ningeweza kuisoma soketi mwenyewe, lakini nilitaka na yeye awe na mkono wake humo. Akainamia bodi na lenzi yake, akanitajia kazi ya kila tundu la soketi, moja baada ya jingine, mimi nikachora na kuagiza kiwandani.

Kibao kilipofika nikakilehemu, nikawasha. Kimya. Nikakagua hadi nikabaini: Baba aliisoma bodi kwa upande wa chini, upande wa lehemu, kama alivyozoea kwenye redio. Kushoto kote kulikuwa kulia.

Ningemwambiaje? Mtu macho yanamwishia, halafu nimwambie ameona vibaya? Nikasema kiwanda kimeboronga, nikaagiza kingine, cha kwanza nikakitupa kwenye droo. Baba akawa anakilaani kiwanda cha watu kila akinywa chai. Nilicheka naye huku moyo ukiniuma.

Kibao cha pili kilikawia. Macho hayakukawia. Asubuhi moja alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, na nikajua. Tuliketi pale pale tukalia.

Baadaye, akipapasa droo kutafuta bisibisi, mkono wake ukakuta kile kibao. Akakizungusha vidoleni, akaniuliza kina kasoro gani. Uongo ulikuwa umeniishia. Nikamweleza yote.

Akapitisha kidole kwenye miguu ya kibao.

"Mwanangu, hicho si cha kutupa. Ungeing'oa hii miguu ukaihamishia upande wa juu, kisha ukapindua kibao. Chipu inalala kifudifudi, kila kitu kinarudi mahali pake."

"Baba, mimi nilidhani..."

"Kazi ya asubuhi moja tu hiyo. Ungeniambia."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Niliing'oa miguu, nikaihamisha, nikapindua kibao. Lehemu ikashika. Baba akavaa miwani yake, sijui ya nini, akavuta kiti hadi mezani. Nikawasha. Kwenye televisheni ndogo tunayoitumia kama kioo cha kompyuta, neno likajiandika: TAYARI.

"Imeandika?"

"Imeandika, Baba. Inasema tayari."

Akatabasamu, akakaza macho mbele yake, pale ilipokaa televisheni miaka yote. Alikuwa anatazama kabati. Nilikuwa nimeisogeza televisheni upande wa kushoto ili nipate nafasi ya kulehemu.

Hilo sikumwambia. Nikainyanyua taratibu pamoja na waya zake, nikaiweka pale alipokuwa anaangalia.