Jina la Mtayarishaji Mwenza

Shangazi alikuwa amechuchumaa uani, anafunga uzi wa sweta kwenye mdomo wa bomba. Bomba lile lilikuwa linavuja siku zote, na kila tone likianguka kwenye saruji lilisema to! Sasa tone liliteremka na uzi, taratibu, likafika chini bila neno.

"Hebu sikiliza," alimwambia mtu wa kunasa sauti za filamu, aliyevaa visikilizi vikubwa masikioni.

Yule akafumba macho. "Limenyamaza, Shangazi! Makubwa haya!"

Kuku alishawapa pumba za maji, wakashiba, wakalala. Ndala za wapangaji wote alizikusanya kwenye beseni, asije mtu akapita anapigapiga sakafu. Mkate wa chai aliukata vipande vyembamba vya kuona upande wa pili, maana siku hizi mkate unapanda bei huku unapungua kimo, na midomo ilikuwa mingi.

Filamu ilikuwa ya binti wa kaka yake, ndiye mwongozaji. Siku alipokuja kumwomba alisema, "Shangazi, utakuwa mtayarishaji mwenza."

"Mwenza? Mimi nimeshakuwa mke mwenza, mwanangu. Uwenza nimeukoma!"

Binti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza. Mtayarishaji ni yeye binti, lakini nusu ya mzigo ataibeba Shangazi: nyumba ya kupigia picha, watu, chakula, umeme, vibali. Binti akikwama, Shangazi anamkwamua. Na mwisho wa filamu jina lake litapita kwenye skrini, watu wamekaa wanalisoma.

Shangazi akakubali. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya zahanati na kwenye risiti za kodi, basi. Tangu siku ile, akiwa peke yake kwenye cherehani, alikuwa akijaribu kuliona linavyopita.

Leo ilibaki sehemu moja tu, ya mama anayekunja shati la mwanawe aliyefia machimboni. Kamera ilikuwa ya kukodi na jioni ilitakiwa kwa mwenyewe. Jua nalo lingeingia chumbani kidogo tu, kisha lipande juu ya bati.

Hapo ndipo alipoingia afisa wa vibali. Mtaani wanamwita Muhuri, kwa sababu muhuri wa ofisi hutembea nao mfukoni kama leso.

"Nani kawaruhusu nyinyi?"

Mwongozaji akampa karatasi. "Saini ni yako mwenyewe, mzee."

"Saini ipo. Muhuri haupo."

"Si unao hapo mfukoni?"

"Ala! Unapekua mifuko ya watu wazima?"

Shangazi akaja na kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, mzee. Tusaidie, jua linatuacha."

"Marahaba. Sikilizeni. Sitaki hela yenu, hela inakwisha. Mtayarishaji mwenza ni nani?"

"Huyu hapa," mwongozaji akasema.

"Huyu mgawa chai?" Afisa akacheka. "Niandikeni mimi mahali pake. Nina watoto, nao waone baba yao kwenye skrini."

"Haiwezekani!" Binti akamkatiza. "Bora tufunge vyombo tuondoke. Shangazi, mwambie!"

Shangazi alitazama mlangoni. Jua lilikuwa limeshagusa kizingiti. Akamtazama binti wa kaka yake, na ile kamera iliyosimama kwenye miguu yake mitatu.

"Mwandike," alisema.

"Shangazi!"

"Nimesema mwandike, mama. Usinikwamishe kazi yangu."

Muhuri ukatoka mfukoni, ukapigwa.

Shangazi akatoka mbio. Alimwendea mwenye mashine ya kusaga, naye akazima bila kuuliza. Mchomeleaji akaweka chini moto wake. Redio ya kinyozi ikakatwa katikati ya neno. Mke wa mpangaji wa chumba cha pili akamweka mtoto titini. Mtaa mzima, ambao haujawahi kunyamaza hata kwa msiba, ulitulia mpaka mtu akasikia damu yake mwenyewe masikioni.

Chumbani aliketi muuza mboga, aliyepewa kuigiza mama, yule ambaye ugomvi wake husikika tangu sokoni. Alilishika shati. Alilinyoosha kola kwa kidole kimoja, akakunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto, polepole, kama anayemfunika mtoto asimwamshe. Kitambaa kilisikika kikisuguana. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna jirani aliyejua anayo, "Lala, baba, umechoka."

Shangazi aliona vinyweleo vya mikono vinamsimama. Mwanamke aliyemjua miaka yote hakuwepo pale. Alikuwepo mwingine, na chumba cha Shangazi mwenyewe, chenye kitanda chake na pazia lake lenye kiraka, kilikuwa kikubwa kama nyumba ya ibada.

"Kata," mwongozaji akanong'ona, na hakuna aliyesogea.

Afisa alikuwa amevua kofia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. "Nimemwona mama yangu," alimwambia Shangazi. "Ninaapa, nimemwona."

"Pole, mzee."

Akapenga kamasi, akavaa kofia, akaenda zake. Kufika getini akageuka. "Majina yangu ni matatu. Msipunguze hata moja."

"Yote matatu, mzee," Shangazi akajibu.

Kisha akaenda kuwafungua watu, mmoja mmoja, kama alivyowafunga: mashine ya kusaga, mchomeleaji, kinyozi. Mwisho akagonga chumba cha pili. Mke wa mpangaji alikuwa bado amembana mtoto kifuani, jasho linamtoka, anaogopa hata kupumua.

"Shangazi, picha imetoka?"

"Imetoka, mwanangu." Aliegemea fremu ya mlango. "Mwache alie sasa."