Kiunzi Kisichojua Kuficha

Saa nne asubuhi Falonne aliweka maharagwe kwenye mbabula ya makaa, akafuta mikono, akafungua kompyuta. Alikuwa akitengeneza peke yake programu ya mahudhurio kwa kampuni moja ya machimbo, na kabla ya Ijumaa alipaswa kuchagua kiunzi cha kujengea kurasa zake. Kile cha zamani kilikuwa kizito. Simu za walinzi wa geti zilikuwa zinaganda. Kipya kilikuwa chepesi, lakini kilikuwa bado toleo la sifuri nukta tatu, na maelezo yake yalikuwa kurasa nne tu. Moja ilisema wazi: kuficha mistari bado hakujatengenezwa.

Alikijaribu kwa orodha yenyewe ya wafanyakazi. Ilikuwa ya watu mia mbili na kumi. Ikatoka na mia mbili na kumi na saba. Saba waliozidi walikuwa wa shimo lililoporomoka Februari. Kampuni ilikuwa imeficha mistari yao na kuziambia familia kwamba wameacha kazi. Lakini kila siku, hata baada ya Februari, saa kumi na mbili kasoro dakika nane, walikuwa wanaweka kidole getini na mashine inawapiga picha. Wa nne alikuwa kaka yake, Ephraïm, ambaye ilisemekana alikwenda Pweto kuuza samaki wakavu. Ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Saa ya kutoka ilikuwa tupu.

Kwenye daftari, upande wa kasoro, Falonne aliandika: hakifichi. Upande wa faida akaandika vilevile.

Mama yake, Madeleine, alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda.

"Nani anamunyoa kule?"

"Hakuna, mama."

Kwa sababu ya ile habari ya Pweto, hawakuwa wamekaa matanga. Falonne akasema sasa wanaweza. Madeleine akakataa.

"Muntu anaingia ku kazi kila asubuyi. Hatuwezi kumulilia."

Alhamisi Falonne alimpelekea programu Adalbert, mkuu wa wafanyakazi, ofisini mjini. Adalbert aliwahesabu wale saba kwa ncha ya kalamu. Vumbi jekundu likadondoka mezani kutoka kwenye skrini. Akalipangusa kwa leso.

"Chombo yako iko mutoto, Mama Deborah. Haiyajua kuficha. Rudisha ile ya zamani, ao tutafute muntu mwingine."

"Na Ephraïm?"

"Alienda Pweto. Tulikwambia."

Deborah, binti yake, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili kwa kukosa karo. Falonne akarudisha kiunzi cha zamani. Ijumaa orodha ilikuwa na watu mia mbili na kumi, na walinzi wakalalamika kwamba simu zinaganda.

Kile kipya alikibakiza kwenye simu yake mwenyewe, kikisoma orodha ileile. Mwezi wa sita lilitoka toleo la sifuri nukta nne, na watengenezaji wake walitangaza kwa furaha kwamba sasa kinaweza kuficha. Hakulipakua. Kila asubuhi anampa mama yake simu. Madeleine anaangalia ndevu zimefika wapi, anairudisha, na mchana anaweka pembeni sahani ya bukari, ugali wa mtu mmoja, akiifunika vizuri, kwa sababu saa ya kutoka bado ni tupu.